Texas inaongeza ajira kila mwaka, mbona hela ya mfukoni haiongezeki hivo hivo?

Shemeji yangu yuko Columbus, Ohio, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, yaani boksi kwelikweli, zile zile ambazo watu wa nyumbani wanatutania nazo. Mwaka jana akanipigia simu usiku akiwa mapumziko ya shifti, ameona mahali kwamba Texas ndo inaongoza Marekani kwa kuongeza ajira, kampuni kubwa zinahamia huku, alafu hamna kodi ya jimbo kwenye mshahara. Swali lake lilikuwa fupi tu: shem, nifungashe nije?

Mi nipo Houston, na hilo swali nimeshaulizwa na watu wengi sana, Mkenya wa Minnesota, Mkongo wa Iowa, hadi mdogo wangu wa Mwanza. Na kila nikijaribu kujibu kwa sentensi moja najikuta nimemdanganya mtu, maana ajira kuongezeka ni kitu kimoja, biashara kukua ni kitu kingine, na mishahara kupanda ni cha tatu, vinapimwa kwa njia tofauti na vinasukumwa na vitu tofauti, na jimbo linaweza kufanya vizuri mno kwenye viwili vya kwanza huku wewe mwenyewe mshahara wako umekaa pale pale. Sasa ngoja nieleze taratibu kama nilivyomweleza yeye, simu ilichukua zaidi ya wiki, vipande vipande.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Texas ilivuka watu milioni 30 mwaka 2022, na kufika 2024 ilikuwa imeshapita milioni 31. Ajira za kwenye orodha za mishahara ya waajiri, ukiondoa kilimo, zimepita milioni 14. Uchumi wake ni wa pili nchini baada ya California. Kwa miaka mingi ajira za Texas zimekuwa zinakua kama asilimia 2 kwa mwaka, sasa piga hesabu, asilimia 2 ya milioni 14 ni laki 2 na 80 elfu kwa mwaka, yaani elfu 23 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari kinasema Texas imeongeza ajira elfu 20 mwezi mmoja, usishtuke, huo ndo mwendo wake wa kawaida, tena hapo umepungua kidogo.

Ila kuna upande wa pili ambao vichwa vya habari havigusi. Kati ya Julai 2023 na Julai 2024 Texas iliongeza watu zaidi ya laki 5 na nusu, kuna waliozaliwa, kuna waliohamia kutoka majimbo mengine, na kuna waliotoka nje ya nchi ambao ni kundi kubwa sana. Hao watu wanakula, wanapanga nyumba, wanatibiwa, watoto wao wanahitaji walimu, kwa hiyo ajira zinazaliwa kwa sababu watu wamekuja na watu wanakuja kwa sababu wamesikia kuna ajira, inazunguka hivo hivo. Ndo maana unakuta jimbo linaongoza kwa ajira mpya alafu kiwango cha ukosefu wa ajira kiko kwenye asilimia 4 na kidogo, sawasawa tu na nchi nzima. Sufuria kubwa, walaji wengi. Kumjua aliyeshiba hapo lazima uangalie sahani moja moja.

Hizo namba zinatoka wapi

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, na mimi pia nilichanganyikiwa mda mrefu. Kila mwezi kuna dodoso mbili. Ya kwanza inaenda kwa waajiri, ofisi ya takwimu za kazi ya serikali kuu, BLS, inauliza kampuni na taasisi kama laki 1 na 20 elfu nchi nzima: kipindi kile cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi mlikuwa na watu wangapi, mliwalipa masaa mangapi, shilingi ngapi. Ya pili inaenda majumbani, kaya kama elfu 60 nchi nzima, inauliza mtu mmoja mmoja: wiki ile ulifanya kazi? Hukufanya? Ulitafuta? Huku kwetu namba za jimbo zinatangazwa na Texas Workforce Commission, kawaida ijumaa ya wiki ya tatu hivi.

Dodoso ya waajiri inahesabu ajira, haihesabu watu. Mama anayepiga shifti ya asubuhi hospitali na ya jioni kwenye nyumba ya wazee anahesabiwa mara mbili. Na mwenye lori lake anayelipwa kwa fomu ya 1099, yaani kama mtu wa kujitegemea na sio mwajiriwa, dereva wa apu, dada anayesuka nywele sebuleni kwake, hao kwenye dodoso ya waajiri hawapo kabisa, utawakuta kwenye ile ya kaya tu. Kwa sisi waswahili hili sio jambo dogo hata kidogo, kwa sababu wengi wetu tuko kwenye moja ya hizo pande mbili, ama kazi mbili ama 1099. Yaani ajira inayotangazwa kwenye habari inamzidisha mama yule na inamsahau baba wa lori, na wote wawili wako nyumba moja!

Na huo ukosefu wa ajira wenyewe una maana finyu kuliko watu wanavyodhani. Ili uhesabiwe huna kazi, lazima uwe hukufanya hata saa 1 ya kulipwa wiki ile, uko tayari kuanza, na umetafuta kazi kwa vitendo ndani ya wiki 4 zilizopita. Ukikata tamaa ukaacha kutafuta umetoka kwenye hesabu. Ukipewa masaa 10 kwa wiki wakati unataka 40, umeajiriwa. Kwa hiyo ile asilimia inaweza ikashuka kwa sababu mbaya, watu wamechoka kutafuta, na inaweza ikapanda kwa sababu nzuri tu, watu wengi wapya wameingia sokoni wana matumaini. Ukiona imetoka 4.0 ikaenda 4.2 usikimbilie kusema uchumi umeharibika, na ikirudi 4.0 usikimbilie kushangilia.

Alafu kuna marekebisho. Kila mwaka namba za dodoso ya waajiri zinalinganishwa na rekodi za bima ya ukosefu wa kazi ambazo karibu kila mwajiri analazimika kuzipeleka kila robo mwaka, hizo zinafunika zaidi ya asilimia 95 ya ajira zote, kwa hiyo ni kama sensa, ila zinachelewa miezi. Agosti 2024 makadirio ya kwanza ya marekebisho yalionyesha nchi nzima imezidishiwa ajira 818,000 kwa mwaka ulioishia Machi. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Agosti 2025, ikatoka ripoti ya mwezi iliyopunguza sana namba za miezi miwili iliyotangulia, na siku ile ile rais Trump akamfukuza kazi mkuu wa BLS, Erika McEntarfer, akidai namba zimepikwa. Septemba yake yakatoka makadirio mengine ya kupunguza, safari hii 911,000. Mi neno kupikwa silikubali kabisa. Anayepika anaficha, hatoki hadharani kusema nilikosea laki 8. Kinachotokea ni kwamba kampuni nyingi siku hizi hazijibu dodoso kwa wakati, na biashara mpya zinazozaliwa na zinazokufa hazionekani haraka, kwa hiyo ofisi inakisia sehemu ile alafu inasahihisha baadaye ikipata rekodi kamili. Ni kazi ya kawaida ya takwimu, na kumfukuza mtu kwa ajili yake ni kuharibu kipimo ambacho wote tunakitegemea.

Kwa Texas, ushauri wangu: usimeze namba ya mwezi mmoja. Sampuli ya jimbo ni ndogo, kwa hiyo namba inaweza kukosea sana. Angalia mwaka kwa mwaka, na ukitaka namba iliyochujwa mapema, tawi la Benki Kuu ya Marekani lililopo Dallas linarekebisha namba za ajira za Texas kila robo mwaka kwa kutumia zile rekodi za bima bila kusubiri mwaka uishe. Mi hizo ndo nazifuata.

Kampuni kuhamia sio sawa na kazi kuja

Watu wa nyumbani wanapenda sana hii habari ya makampuni kuhamia Texas. Ni kweli, Toyota walileta makao makuu yao ya Marekani Plano, Oracle walitangaza Austin 2020, Tesla wakafuata 2021, Caterpillar wakaja Irving 2022, Chevron 2024 wakatangaza wanahama California kuja Houston. Lakini makao makuu yakihama, mara nyingi kinachohama ni anuani, wakurugenzi, na watu wa ofisi ambao wengi wao wanakuja na kazi zao mkononi. Tesla ni tofauti kwa sababu walijenga na kiwanda, pale kazi za mikono zipo kweli. Ila ukichukua ajira zote za jimbo, zinazoletwa na kampuni kuhama ni sehemu ndogo sana. Nyingi zinatoka kwa biashara zilizopo hapa hapa zinazopanuka, na zile changa zinazozaliwa.

Na kuzaliwa kwa biashara kuna mtego wake. Kuanzia 2020 maombi ya kusajili biashara Marekani yaliruka sana, mwaka 2021 yalipita milioni 5, na Texas ni moja ya majimbo ya mbele. Lakini biashara nyingi kati ya hizo hazina mwajiriwa hata mmoja, ni mtu na laptopu yake, mtu na lori lake, mtu na mashine yake ya kukata nyasi. Kati ya zile zinazoajiri, kama 1 kati ya 5 inakufa ndani ya mwaka wa kwanza na karibu nusu hazifikishi miaka 5. Kwa hiyo ukisikia biashara ndogo ndo zinaleta ajira, sahihisha kidogo: zinazoleta ajira ni biashara changa, tena chache kati ya hizo, zile zinazokua kwa kasi. Duka dogo lenye miaka 20 na watu 4 litabaki na watu 4, na hamna ubaya wowote, ila sio injini ya ajira.

Kuna hili lingine ambalo likikuingia kichwani utasoma habari za uchumi kwa jicho tofauti. Kila robo mwaka, nchi nzima, zinazaliwa ajira zaidi ya milioni 7 kwenye sekta binafsi na zinakufa karibu hizo hizo, tunayotangaziwa ni tofauti tu ya hizo mbili, laki chache. Yaani siku ambayo wewe umeambiwa kesho usije, jimbo linaweza kuwa linatangaza rekodi, na yote mawili ni kweli. Mimi yalinikuta, sitaitaja kampuni, ghala lilifungwa mwezi ule ule ambao taarifa ya habari jioni ilikuwa inasifia ajira za Texas, nilikaa kwenye gari pale nje sijui nimpigie nani simu. Tulitakiwa tupewe taarifa siku 60 kabla kwa sababu tulikuwa zaidi ya 100, hiyo ni sheria ya nchi, na waajiri wanapeleka hiyo taarifa Texas Workforce Commission, orodha iko wazi kwa kila mtu. Sikujua wakati ule. Sahivi naiangalia kila mwezi, na ukiwa kwenye maghala au viwanda nakuomba na wewe uiangalie.

Data senta, yale majengo makubwa ya kompyuta, nazo nizitaje haraka. Abilene, mji wa magharibi ambako kuna ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi waliopelekwa kama wakimbizi, sahivi unajengwa mradi mkubwa wa data senta za akili bandia wa OpenAI na Oracle. Wakati wa ujenzi maelfu ya vibarua wanahitajika, mafundi umeme, waungaji vyuma, wapishi wa kulisha wote hao. Ikishawashwa inabaki na mafundi, walinzi na wataalamu, wachache mno ukilinganisha na mabilioni yaliyomwagwa. Uwekezaji mkubwa sio lazima uwe ajira kubwa, hiyo usiisahau ukiona gavana anakata utepe.

Mafuta

Mtu akisikia Texas anawaza mafuta, na mafuta yanafundisha somo hili kuliko kitu kingine. Mwaka 2014 kazi za uchimbaji na huduma zake zilikuwa karibu laki 3, na kufika mwisho wa mwaka ule jimbo lilikuwa linatoa kama mapipa milioni 3 na nusu kwa siku. Bei ikaanguka, watu wakarudishwa makwao kutoka Midland na Odessa, miji ya mafuta, kwa maelfu. Bei ikapanda, ikaja korona, tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mkataba wa kuuziana mafuta ya Marekani ikamaliza siku chini ya sifuri, yaani muuzaji anamlipa mnunuzi zaidi ya dola 37 kwa pipa ili ayachukue. Baadaye ikarudi tena. Leo Texas inatoa zaidi ya mapipa milioni 5 na nusu kwa siku, rekodi juu ya rekodi, lakini kazi ziko kama laki 2 tu. Mafuta yameongezeka kwa zaidi ya nusu, watu wamepungua theluthi! Sababu ni mashine, kisima kimoja sahivi kinachimbwa kwenda chini alafu kinalala upande maili 2 au 3, mtambo mmoja unatoa kazi iliyokuwa inafanywa na mitambo kadhaa, na kampuni zimeungana zikapunguza watu.

Laki 2 kati ya milioni 14 ni kama asilimia 1 na nusu. Wafanyakazi wengi wa Texas wako kwenye biashara, usafirishaji na maghala, zaidi ya milioni 2 na nusu, alafu serikali na shule, afya, ofisi, hoteli na migahawa, ujenzi. Hapa Houston penyewe ile Texas Medical Center, mji wa hospitali, ina wafanyakazi zaidi ya laki moja. Lakini mshahara wa mafuta ni mkubwa, kwa hiyo Midland ikichangamka, wastani wa mshahara wa jimbo zima unapanda, na yule wa McAllen kule mpakani, ambako mishahara iko chini sana, hajaongezewa hata senti.

Sasa mishahara

Hilo la wastani ndo ugonjwa wenyewe. Aprili 2020, mwezi mbaya kuliko yote, nchi imepoteza ajira zaidi ya milioni 20, wastani wa malipo ya saa uliruka kwa dola 1.34 ukafika 30.01. Hamna aliyeongezewa. Ni kwamba wahudumu wa migahawa na wasafisha hoteli waliondolewa kazini wakatoka kwenye hesabu, wakabaki wale wa mishahara mikubwa wanaofanyia kazi nyumbani, wastani ukapanda wenyewe. Tangu siku ile, mtu akiniambia wastani wa mshahara umepanda, namuuliza kwanza ni nani kaingia na nani katoka. Bora kuangalia mshahara wa katikati, ule ambao nusu ya watu wako juu yake na nusu chini, na bora zaidi uangalie wa fani yako.

Alafu toa mfumuko wa bei. Juni 2022 bei zilikuwa zimepanda asilimia 9.1 kwa mwaka. Kama ulitoka dola 20 ukaenda 21 kwa saa, umeongezewa asilimia 5, umefurahi, umemwambia mkeo, na ukweli ni kwamba umeshuka.

Kima cha chini cha mshahara Texas ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali kuu tangu Julai 2009. Ukifanya masaa 40 kwa wiki mwaka mzima bila kuumwa unapata dola 15,080. Tangu 2009 bei zimepanda kiasi kwamba ile 7.25 imepoteza kama theluthi ya nguvu yake. Wahudumu wa migahawa wanaotegemea tipu wanaweza kulipwa 2.13 na mwajiri, tangu 1991. Na miji haiwezi kujipangia, sheria ya jimbo inakataza Houston au Austin kuweka kima chake kwa sekta binafsi. Ukweli ni kwamba wanaolipwa 7.25 kamili sahivi ni wachache, maghala yanagombania watu, Amazon waliweka 15 nchi nzima tangu Novemba 2018 na wengine ikabidi wafuate, lakini sakafu ikiwa chini hivo, kila anayejadili mshahara anajadili kutoka shimoni.

Mtu anaweza kusema hiyo ndo bei ya kutokuwa na kodi ya mapato. Sio kweli, na hapa nasema kwa msisitizo. Jimbo la Washington nalo halikati kodi ya jimbo kwenye mshahara, na kima chake cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 16.66, zaidi ya mara mbili ya Texas. Ni maamuzi mawili tofauti kabisa, Texas imeamua hivi na Washington imeamua vile.

Kinachoshikilia mishahara ya Texas, kwa mtazamo wangu, ni vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni watu kuja. Kwingine kampuni ikikosa watu inalazimika kupandisha mshahara, hapa inasubiri, mwezi ujao magari ya kuhama yamefika na vijana wamo. Ukuaji unageuka vichwa kabla haujageuka hela. Cha pili ni nguvu ya kujadili: wanachama wa vyama vya wafanyakazi hawafiki asilimia 5, nchi nzima ni karibu 10, na sheria ya 1947 inakataza mkataba wowote unaomlazimisha mfanyakazi kulipia chama. Ongeza hili ambalo wageni wengi hawalijui: Texas ndo karibu jimbo pekee ambalo mwajiri binafsi anaweza kukataa kabisa kuwa na ile bima ya jimbo ya kuumia kazini. Ukivunjika mgongo kwenye ghala la mwajiri ambaye hana, unaweza kujikuta unapambana naye mahakamani ukiwa umelala kitandani. Hicho nacho ni sehemu ya mshahara, hata kama hakiandikwi kwenye karatasi ya malipo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa dada zetu wanaotunza wazee na wagonjwa majumbani. Wengi wao ni Wakenya, Watanzania, Wakongo, na wazee wanaongezeka kila mwaka, kwa sheria ya soko mishahara yao ilitakiwa iwe imeruka. Lakini anayelipa wengi wao sio soko, ni Medicaid, ile bima ya serikali ya matibabu kwa watu wa kipato cha chini, na bei ya chini ya saa ya watunzaji hao inapangwa na bunge la jimbo pale Austin, ambalo linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili. Kuanzia 2019 ilikuwa dola 8.11. Ikakaa hapo korona yote, mfumuko wote wa bei, mpaka Septemba 2023 ikawa 10.60, na Septemba 2025 ikawa 13. Hapo hamna ubishi wa uhaba wa watu, uhaba ulikuwepo miaka yote na mashirika yalikuwa yanalia hayapati wafanyakazi. Mshahara ulipanda siku wabunge walipopiga kura, basi.

Ila nisiwe mkali upande mmoja. Mshahara halisi unaweza kupanda bila bosi kukuongezea. Austin walijenga maghorofa mengi sana, na baada ya kilele cha 2022 pango likaanza kushuka, aliyekuwa analipwa kiasi kile kile akajikuta anabakiwa na hela. Hilo Texas wanastahili sifa, wanaruhusu watu kujenga. Upande wa pili wa daftari kuna kodi ya majengo kubwa, ambayo hata mpangaji anailipa kupitia pango, bima ya nyumba na ya gari zimepanda, na Houston bila gari umekwisha, kazi iko maili 30 kutoka unapolala.

Sasa mwaka 2025 mwendo ukabadilika. Wahamiaji kutoka nje walipungua ghafla, vibali vya kazi vya watu wengi vikafutwa, watu wa ujenzi wakawa wanaogopa hata kwenda saiti, na Septemba jimbo likasimamisha kutoa leseni za malori makubwa kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi, jambo lililowagusa moja kwa moja madereva wa Kikongo ninaowajua. Ajira za Texas zikakua kwa kasi ndogo kuliko ile asilimia 2 tuliyoizoea. Na ukosefu wa ajira? Haukuruka. Kwa sababu watafutaji wapya nao wamepungua, jimbo sahivi linahitaji ajira chache zaidi kwa mwezi ili asilimia ikae pale pale. Namba tulivu, huku nyuma yake kuna familia zimekwama.

Nikarudi kwa shemeji na hesabu yake. Columbus alikuwa analipwa dola 19, ghala moja la huku Houston lilimwambia 18. Yeye akasema si kitu, hamna kodi huko. Tukakaa kwenye simu na kalamu. Jiji la Columbus linakata asilimia 2.5, jimbo la Ohio nalo lina chake kidogo, ukijumlisha vyote kwa mshahara wake havifiki dola 1,800 kwa mwaka. Dola 1 ya saa iliyopungua ni 2,080 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla hajanunua hata matairi ameshapoteza. Akanyamaza kidogo, alafu akasema lakini ajira ziko nyingi huko shem, nitapanda. Nikamwambia fungua yale majedwali ya mishahara ya BLS, yanatoka kila mwaka, fani zaidi ya 800, mji kwa mji, yanakuonyesha mshahara wa katikati na pia asilimia 10 ya juu na ya chini, tafuta dereva wa foklifti, weka Columbus na Houston pembeni kwa pembeni, uone na wale wa juu wanafika wapi, maana hapo ndo utajua kupanda kwenyewe kunaishia dola ngapi.

Ikapita wiki mbili kimya. Alafu jumapili moja akanitumia ujumbe, hakuuliza habari za Texas wala ajira mpya ngapi zimetangazwa mwezi ule. Aliandika tu: "Shem, lile ghala lina bima ya kuumia kazini au ndo wale waliojitoa?" Jumatatu asubuhi nikapita pale getini kumuulizia.